Faili 428: Chuo Kikuu cha Istanbul na hesabu ya utafiti

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu na wahadhiri wao, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa hapa mbele, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, nami naomba niingie moja kwa moja kwenye kazi mliyonipa.

Waandaaji walinipa mada pana: mchango wa vyuo vikuu vya Uturuki katika utafiti. Uturuki ina vyuo vikuu zaidi ya 200, na muda niliopewa hautoshi hata kuvitaja majina. Kwa hiyo nimechagua kimoja tu, kile nilichosomea ubingwa wa magonjwa ya ngozi, yaani Chuo Kikuu cha Istanbul. Vingine vingefaa pia. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mashariki ya Kati kule Ankara ndicho kilichoiunganisha nchi na intaneti tarehe 12 Aprili 1993. Boğaziçi ndicho chenye kituo cha Kandilli, ambacho Waturuki wote hukitazama ardhi inapotikisika. Ila mtu huongea vizuri juu ya nyumba aliyolala.

Nina sababu ya pili, na hii inawahusu nyinyi. Karibu kila aliyemo ukumbini ama amejaza fomu ya kupandishwa cheo, ama anajiandaa kuijaza, ama amekaa kwenye kamati ya kuwajazia wenzake maksi. Makala ngapi? Jarida gani? Umenukuliwa mara ngapi? Nataka tuipeleke fomu hiyo Istanbul, tuwajaze nayo watu kadhaa waliofanya kazi pale, tuone wangepata ngapi.

Tuanze na chuo chenyewe. Kinajihesabia umri kuanzia 1453, mwaka Sultani Mehmet wa Pili alipouteka mji. Wanahistoria wana maneno yao juu ya hesabu hiyo, na mimi simo. Chuo tunachokijua leo, chenye vitivo, maabara na wodi za kufundishia, kilianza 1933, na kilianza kwa purukushani. Serikali ya Jamhuri ilimwalika Albert Malche, mtaalamu wa elimu kutoka Geneva, akakikagua chuo cha zamani kilichoitwa Darülfünun na kuandika ripoti mwaka 1932. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai, Darülfünun ikafungwa. Tarehe 1 Agosti Chuo Kikuu cha Istanbul kikafunguliwa. Usiku mmoja ule zaidi ya nusu ya walimu wa zamani walijikuta hawana kazi.

Nalisema hili mapema kwa sababu hadithi ya 1933 husimuliwa kama hadithi ya neema tupu. Kuna watu waliondolewa kwa haki, maana walikuwa hawafanyi kitu. Kuna walioondolewa kwa sababu hawakupendwa. Viti vyao ndivyo vilivyokaliwa na wageni, na baadhi ya wenyeji waliobaki hawakuwapokea wageni hao kwa mikono miwili. Ungekuwa wewe, ungewapokea?

Wageni wenyewe walikuwa wanakimbia. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria iliyowafukuza kazi za umma Wayahudi na wapinzani wa siasa zake, maprofesa wakiwamo. Philipp Schwartz, mtaalamu wa patholojia kutoka Frankfurt, alikimbilia Zurich na kuanzisha jumuiya ya kuwatafutia kazi wanataaluma waliofukuzwa. Julai mwaka huo alikuwa Ankara, ameketi na Waziri wa Elimu, Reşit Galip, na wasaidizi wake. Walizungumza Kifaransa kwa saa kadhaa. Upande wa Waturuki ulikuwa unataja kiti: tunataka profesa wa fani fulani. Schwartz anafungua orodha yake, anataja jina. Kiti kingine, jina jingine. Waliponyanyuka, kitivo baada ya kitivo kilikuwa kimepata watu.

Na walikuwa watu gani! Kwenye hisabati walikuja Richard von Mises, William Prager na Hilda Geiringer. Falsafa ya sayansi ilimpata Hans Reichenbach, unajimu wa kisayansi ukampata Erwin Finlay-Freundlich, aliyejenga kituo cha kutazamia nyota ndani ya bustani ya chuo. Uchumi ulikuwa na Wilhelm Röpke, Alexander Rüstow na Fritz Neumark. Sheria ilikuwa na Ernst Hirsch. Upasuaji ukapewa Rudolf Nissen.

Mikataba yao ilikuwa na sharti moja ambalo nalipenda kuliko mengine yote. Kwa miaka ya mwanzo profesa anaruhusiwa kufundisha kwa lugha yake, Kijerumani au Kifaransa, huku msaidizi Mturuki amesimama pembeni akitafsiri sentensi kwa sentensi. Baada ya hapo ajue Kituruki, afundishe kwa Kituruki, na aandike vitabu vya kiada kwa Kituruki. Si wote walioweza. Hirsch aliweza, tena sana. Alichukua uraia wa Uturuki na akashika nafasi kubwa katika kuandika Sheria ya Biashara ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1957. Neumark naye alichangia sheria ya kodi ya mapato. Sheria ya nchi, kwenye fomu yetu, ni pointi ngapi? Nimeitafuta safu yake, sikuiona.

Hapa kwetu mjadala wa Kiswahili chuoni huendeshwa kana kwamba ni lazima uue kimoja ili kingine kiishi. Wenzetu wa TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaandika tasnifu kwa Kiswahili na mbingu haijaanguka. Istanbul walitumia njia mbili kwa wakati mmoja. Ugunduzi uliochapishwa ili dunia iusome uliandikwa Kijerumani au Kifaransa, na baadaye Kiingereza. Kitabu cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kikaandikwa Kituruki. Mtu yule yule, meza ile ile. Nimesoma patholojia ya ngozi kwa Kituruki, na seli haikunilalamikia.

Sasa tujaze fomu. Wa kwanza ni Erich Auerbach, profesa wa fasihi aliyefika 1936. Kati ya 1942 na 1945 aliandika kitabu kimoja, Mimesis, kuhusu namna fasihi ya Ulaya ilivyouchora uhalisia tangu Homer, na kikachapishwa Bern mwaka 1946. Mwishoni mwa kitabu alisema kwamba maktaba za Istanbul hazikuwa na vitabu vya kutosha kwa utafiti wa aina hiyo, na kwamba pengine ndiyo sababu aliweza kukiandika, kwani angekuwa na kila kilichoandikwa juu ya kila jambo asingefika mwisho. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa hali haikuwa mbaya kiasi hicho, maana aliruhusiwa kutumia maktaba ya watawa wa Kikatoliki huko Galata. Vyovyote vile, vita vinapiganwa, na kwenye fomu yetu mtu huyu ana kazi moja kubwa kwa miaka kadhaa. Kamati ingemwandikia barua ya onyo.

Wa pili ni Nissen, na hapa niwaombe radhi wasio wa kitivo cha tiba, kwa sababu nitaingia tumboni. Katikati ya miaka ya 1930, Istanbul, alimfanyia upasuaji kijana mwenye kidonda sehemu ya chini ya umio. Alikata kipande kilichoharibika, akaunganisha umio na tumbo upya. Kiungo cha namna hiyo kina hatari ya kuvuja, kwa hiyo akachukua sehemu ya juu ya tumbo na kuizungushia pale, iwe kinga. Basi. Mgonjwa akapona, Nissen akaondoka Uturuki 1939 kwenda Marekani, ambako baadaye alimpasua hata Albert Einstein. Miaka mingi ikapita. Akiwa Basel, alipofuatilia habari za yule kijana, akagundua jambo ambalo hakuwa amelikusudia: hapandishi tindikali, hana kiungulia. Ile kinga ilikuwa imegeuka vali. Mwaka 1956 akachapisha njia ya upasuaji ambayo madaktari wa dunia nzima wanaijua kwa jina lake, na mabingwa wa upasuaji waliomo humu wameifanya au wamemshikia mtu vifaa akiifanya. Kutoka wazo hadi makala ni takriban miaka 20, nchi tatu, na mgonjwa mmoja ambaye hakupotea.

Shikeni hilo la mgonjwa ambaye hakupotea, nitalihitaji.

Wa tatu hakuwa mkimbizi. Nimekuja na noti ya lira 10, naomba ipite mkono kwa mkono, na naomba irudi. Mbele ni Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki. Geuza nyuma: yule mzee ni Cahit Arf, na pembeni yake ni fomula yake. Alizaliwa Selanik, ambayo leo ni Thessaloniki ya Ugiriki, mwaka 1910, akasoma Paris, akaajiriwa Istanbul, akaenda Göttingen na kumaliza uzamivu mwaka 1938 chini ya Helmut Hasse, kisha akarudi. Mwaka 1941, akiwa Istanbul, alichapisha kwa Kijerumani makala juu ya aina fulani ya fomula zenye vipeo vya pili, katika ulimwengu wa hesabu ambamo moja ukijumlisha na moja unapata sifuri.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa, ingawa kulithibitisha ni kazi. Chukua fomula ya aina hiyo, uipe kila thamani inayowezekana. Kila mara itakujibu sifuri au moja. Hesabu majibu kama kura. Jibu lililopata kura nyingi ndilo linaloitwa namba ya Arf. Kilichoonekana ni kwamba ukijua idadi ya herufi zisizojulikana pamoja na jibu hilo moja, umejua yote ya maana kuhusu fomula hiyo: mbili zinazotofautiana sana kwa sura zinaweza kuwa ndugu, na kura ndizo zinazokuambia.

Sasa, makala hiyo ilimsaidia nani mwaka 1941? Nadhani karibu hakuna mtu. Wasomaji wake walikuwa vitani au wamekimbia. Ikakaa. Mwaka 1960 Michel Kervaire, akishughulika na topolojia, yaani hisabati ya maumbo, akaichukua namba ya Arf na kuonyesha kwamba kuna umbo la vipimo 10 ambalo haliwezi kulainishwa kwa namna yoyote. Swali lililozaliwa hapo likawasumbua wanahisabati kwa miongo. Mwaka 2009 Wamarekani watatu, Hill, Hopkins na Ravenel, walitangaza kulijibu karibu lote, na uthibitisho wao ukachapishwa 2016. Arf alikuwa amefariki 1997. Hesabuni: kutoka 1941 hadi 2016. Kipimo cha kunukuliwa kinachotazama miaka miwili au mitano nyuma kingemwona kama mtu aliyelala.

Na hakuishia hapo. Miaka ya 1940 Mwingereza Patrick du Val alikuwa anafundisha Istanbul, na alikuwa na tatizo kuhusu mistari iliyopinda na sehemu ambazo mistari hiyo inajikata au kuchongoka. Du Val alilitazama kwa jicho la jiometria, Arf akalijibu kwa aljebra. Miundo aliyoitumia sasa inaitwa ringi za Arf. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kitu ambacho hakionekani kwenye orodha ya machapisho: watu wawili wako kwenye ukumbi mmoja, mmoja anaeleza anachoshindwa, mwingine anamsikiliza hadi mwisho. Leo semina zetu mtu anawasilisha, anapiga picha ya cheti, anaondoka kabla ya maswali. (Nyinyi mliosimama karibu na mlango sijawataja.)

Sasa nifike kwa Hulusi Behçet, ambaye mimi kama daktari wa ngozi ningeweza kumzungumzia peke yake hadi jioni.

Behçet alikuwa Mturuki, amezaliwa Istanbul 1889, na mabadiliko ya 1933 yalimkuta na yakamwacha akiwa mkuu wa magonjwa ya ngozi. Kati ya 1924 na 1925 alimwona mwanamume aliyekuwa akisumbuliwa kwa miaka mingi. Vidonda kinywani, vidonda sehemu za siri, na macho yanayowaka, yanatulia, yanawaka tena, kila mara yakibeba sehemu ya nuru yake. Madaktari wa Istanbul walikuwa wamemwona, wa Vienna pia. Zama zile vidonda sehemu za siri vilimaanisha kaswende mpaka uthibitishe vinginevyo, na kila kilichoshindikana kiliitwa kifua kikuu. Behçet hakuridhika. Hakuwa na jibu, ila hakuridhika. Mwaka 1930 akaja mwanamke mwenye dalili zile zile. Mwaka 1936, mwanamume mwingine. Mwaka 1937 akachapisha kwa Kijerumani, katika jarida la madaktari wa ngozi: hivi si vitu vitatu vilivyokutana kwa bahati mbaya, ni ugonjwa mmoja.

Wagonjwa watatu. Zaidi ya miaka kumi. Mwanafunzi wangu akiniletea pendekezo la utafiti lenye sampuli ya watu watatu, nitamrudisha. Na ni kweli kwamba kwenye chanzo alikosea, alidhani ni kirusi. Pia hakuwa peke yake, kwani daktari wa macho wa Ugiriki, Benediktos Adamantiades, alikuwa ameripoti mgonjwa wa namna hiyo mapema katika muongo ule, na wapo wanaouita ugonjwa kwa majina yote mawili, jambo la haki. Lakini mkutano wa kimataifa wa Geneva wa 1947 ulipokubali jina la Behçet, ulikuwa unamtambua mtu aliyekaa na swali moja hadi likajipambanua. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwetu sisi Waafrika weusi ugonjwa huu ni nadra. Unapatikana zaidi kwenye ukanda wa njia ya kale ya hariri, kuanzia Mediterania hadi Japani, na Uturuki ndiko ulikojaa. Kwa hiyo niliuona kwa macho yangu kule. Kipimo kimoja hufanyika kwa sindano tupu: unamchoma mgonjwa kwenye ngozi ya mkono, humdungi dawa yoyote, unamwambia arudi baada ya saa 48. Kwa mtu wa kawaida utatafuta tundu usilione. Kwa wengi wa wagonjwa hawa, pale ulipochoma kumetokea kipele, mara nyingine kina usaha. Mwili umeifanya sindano safi kuwa adui. Ajabu ni kwamba kipimo hiki huitika sana Uturuki na Japani kuliko kwa wagonjwa wa Ulaya ya Kaskazini, na mpaka leo sababu yake haijaeleweka kikamilifu.

Kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko makala ya 1937 ilikuja miaka 40 baadaye. Katika kitivo cha tiba cha Cerrahpaşa, ambacho wakati huo kilikuwa cha chuo hicho hicho, madaktari walianzisha kliniki maalumu ya ugonjwa wa Behçet. Daktari wa ngozi, wa macho na wa viungo wanafanya kazi pamoja, mgonjwa haambiwi nenda jengo lile urudi wiki ijayo. Kati ya 1977 na 1983 waliandikisha wagonjwa 428. Kisha wakafanya jambo lisilo na mvuto wowote: wakaendelea kuwafuatilia.

Kutokana na kliniki hiyo yalitoka majaribio ya dawa. Mashuhuri zaidi ni lile lililoongozwa na Hasan Yazıcı na kuchapishwa 1990 katika jarida kubwa la tiba la New England: wanaume 73, miaka miwili, nusu wanameza azathioprini, dawa inayotuliza kinga ya mwili, nusu wanameza kidonge kisicho na dawa, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani anameza nini. Dawa ilionekana kuyalinda macho. Kwa ugonjwa unaowapofusha vijana, hilo si jambo la kupita haraka.

Baadaye, takriban miaka 20 tangu kuandikishwa, wakawatafuta wale 428. Si kwa sampuli, wote. Nchi yenye watu wanaohama vijiji kwenda miji, na miji kwenda Ujerumani. Walipata habari za 387. Makala ilichapishwa 2003. Asilimia 90, ndugu zangu! Mimi kliniki yangu sijui nitawapata wangapi niliowaona Januari. Walikuta kwamba 42 wamefariki, karibu wote wanaume, na wengi katika vijana. Walikuta pia kwamba kwa walio wengi ugonjwa huwa mkali miaka ya mwanzo kisha unapoa. Fikirieni maana yake kwa daktari aliyekaa mbele ya kijana wa miaka 24 anayeogopa. Anaweza kumwambia: pambana sasa, miaka hii ndiyo ya hatari, mbele kuna nafuu. Sentensi hiyo imegharimu miaka 20 na kabati la mafaili. Kwenye fomu ya kupanda cheo ni makala moja, tena yenye waandishi wengi, kwa hiyo kila mmoja anapata kipande cha pointi.

Nisiwapambie Istanbul. Chuo hicho hicho kimewapoteza watu kwa mikono ya serikali zake. Baada ya mapinduzi ya 1960 watawala wa kijeshi waliwafukuza wanataaluma 147 kutoka vyuo vya nchi, kwa orodha tu. Mmoja wao alikuwa Fuat Sezgin, mwanafunzi wa Mjerumani Hellmut Ritter. Mwaka 1956 Sezgin alikuwa amechapisha utafiti juu ya vyanzo vya Bukhari, akionyesha kwamba mkusanyaji huyo wa Hadithi alitegemea maandishi yaliyomtangulia, si masimulizi ya mdomo peke yake. Masheikh wetu wa pwani waliosoma Sahihi Bukhari wanaelewa uzito wa hoja hiyo. Sezgin alijua kupitia gazeti kwamba hana kazi. Akaenda Frankfurt, na kuanzia 1967 akaanza kutoa juzuu za historia ya maandishi ya Kiarabu, hisabati, tiba, unajimu, jiografia, zikafika 17. Waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi 1962, lakini yeye alishaondoka. Ujerumani, iliyowapoteza wasomi wake kwa Istanbul 1933, sasa ilimpata msomi wa Istanbul bure. Baada ya jaribio la mapinduzi la 2016 amri za dharura ziliwaondoa wanataaluma zaidi ya 6,000 nchini kote. Kazi zao ambazo hazikuandikwa hakuna takwimu inayozionyesha.

Aziz Sancar nitamtaja kwa haraka, kwa sababu mngeniuliza. Alihitimu udaktari Istanbul 1969, akarudi kwao Savur kutibu watu, kisha akaenda Marekani, na utafiti wake wa namna seli inavyojirekebisha DNA ukampa Nobel ya Kemia 2015. Nishani ameikabidhi Anıtkabir, kaburi la Atatürk. Kazi yote ya maabara ilifanyika Marekani. Kipimo maarufu cha Shanghai cha kupanga vyuo vikuu kwa ubora kinatoa asilimia 10 ya alama kwa wahitimu waliopata tuzo kama hizo. Basi kuna chuo kinachopanda ngazi mwaka huu kwa sababu ya mhadhara wa anatomia uliotolewa miaka ya 1960. Sina kinyongo nacho. Nasema tu mjue namba zinatoka wapi.

Na namba ndizo zilizotawala baadaye. Mwishoni mwa 2015 Uturuki ilitoa kanuni ya posho ya motisha: makala ina pointi, kitabu kina pointi, kushiriki mkutano kuna pointi, kunukuliwa kuna pointi, na ukivuka 30 unaongezewa hela kila mwezi. Mnajua kilichofuata, hamhitaji kufika Uturuki. Mikutano ya kimataifa iliota kwenye hoteli za ufukweni, vitabu vya sura 40 vikachapishwa kila wiki, na majarida ya kitapeli yakapata wateja. Utafiti mmoja wa 2018 uliitaja Uturuki miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuchapisha kwenye majarida hayo, pamoja na India na Nigeria. Kanuni ikabidi ikazwe. Kwa haki niseme pia kwamba nchi hiyo hiyo ilijenga DergiPark, mtandao wa umma unaobeba majarida zaidi ya 2,000 ambayo mtu yeyote anayasoma bure, mengi kwa Kituruki. Pesa ile ile ya serikali, akili mbili tofauti. Mimi naionea wivu ya pili.

Mfano wa mwisho. Mei 2018 bunge lilipitisha sheria iliyokigawa Chuo Kikuu cha Istanbul, na Cerrahpaşa ikawa chuo kingine. Madaktari walikuwa wale wale, wodi ile ile, wagonjwa wa Behçet walikuja kliniki ile ile. Ila tangu hapo makala wanazoandika zinahesabiwa kwenye safu nyingine, na chuo mama kikapungukiwa bila mtu yeyote kuacha kazi. Anayesoma majedwali peke yake angeuliza kumetokea balaa gani.

Naona Profesa pale nyuma anatikisa kichwa, na najua anachotaka kusema: bila kuhesabu, wavivu watajificha nyuma ya Auerbach. Ni kweli. Darülfünun ilikuwa na watu wa namna hiyo, na ripoti ya Malche haikuwaonea. Sisemi tuache kuhesabu. Ninaomba mistari miwili iongezwe kwenye fomu. Wa kwanza: ni swali gani unalifuatilia, na tangu mwaka gani? Mtu aulizwe hivyo kila baada ya miaka mitatu, mbele ya wenzake wa fani, siyo mbele ya kompyuta. Asiyekuwa na swali atajulikana haraka kuliko kwa kuhesabu makala zake. Mstari wa pili: umetunza nini ambacho mwingine anaweza kukitumia? Rejesta ya wagonjwa, mkusanyiko wa mimea, rekodi za masimulizi, kitabu cha kiada kwa lugha ya wanafunzi. Vitu hivyo vipewe pointi, tena nyingi, kwa sababu anayevitunza hapati muda wa kuandika.

Na vinahitaji pesa, ingawa si nyingi. Kufuatilia wagonjwa wa ngozi kwa miaka 20 kunataka karani mmoja wa masjala asiyehamishwa hamishwa, kompyuta yenye nakala ya akiba, kabati linalofungwa, vocha za simu, na nauli ya kuwafuata waliohamia Kahama au Masasi. Kliniki yangu imeliombea fungu hilo kwenye bajeti ya mwaka ujao. Barua ipo mezani kwa Mkuu wa Kitivo tangu mwezi uliopita, na nimefurahi sana kumwona ameketi safu ya kwanza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na noti yangu ya lira 10 bado sijaiona.